Kumchagua dalali wa mizigo Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa waagizaji, wenye viwanda na wafanyabiashara wanaotoa mzigo Bandari ya Dar es Salaam, au kwenye viwanda vya Pugu Road, Chang'ombe, Mbagala, Mkuranga na Kibaha, kuupeleka mikoani au nchi jirani. Aliyejibu alikuwa upande wa kiwanda, kazi yake kutafuta magari, kwa hiyo majibu yanaegemea kwa mwenye mzigo. Madalali watanuna kidogo. Wale wazuri hawatanuna.

Dalali wa mizigo ni nani? Si ndiye wakala wa forodha?

Hapana, ingawa kuna kampuni zinazofanya kazi zote mbili. Wakala wa forodha anahangaika na nyaraka: anaingiza tamko la forodha kwenye mfumo, anafuatilia kodi, anachukua kibali cha kutolea mzigo kwa kampuni ya meli, anamalizana na bandari au bandari kavu. Leseni yake inatolewa na Kamishna wa Forodha wa TRA (mamlaka ya mapato), na ni ya mwaka mmoja mmoja. Huduma za uwakala bandarini ziko pia chini ya uangalizi wa TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli.

Dalali wa mizigo anaanza pale wakala anapoishia. Kazi yake ni kutafuta lori. Mara nyingi hana lori wala ghala. Ana simu mbili na majina ya watu mia kadhaa. Anajua nani ameshusha mahindi Vingunguti leo asubuhi na anatafuta mzigo wa kurudi nao Mbeya, na anakula tofauti iliyopo kati ya unacholipa wewe na anachopokea mwenye gari.

Ukiona mtu anakwambia, "Bosi wangu, niachie kila kitu, nitakutolea na nitakusafirishia," muulize swali moja tu: tamko litaingia kwa jina la kampuni gani? Wapo madalali wanaoazima leseni ya wakala mwingine. Hapo shida si ya dalali peke yake, maana Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamfanya mwenye mzigo awajibike kwa yale aliyoyafanya wakala kwa niaba yake. Thamani ikishushwa kwenye tamko bila wewe kujua, TRA watagonga mlango wako. Usitoe barua ya uteuzi wa wakala kabla hujaiona leseni, na jina lililo kwenye leseni liwe lilelile la kwenye barua.

Kwani lazima dalali? Nisiende moja kwa moja kwa mwenye malori?

Kama una mzigo wa kila wiki, njia ileile, uzito uleule, nenda kwa kampuni ya usafirishaji yenye magari yake na mfunge mkataba. Dalali hapo anaongeza gharama tu.

Ila mzigo wa watu wengi hauko hivyo. Leo una kontena mbili za malighafi kwenda Morogoro, mwezi ujao huna kitu, halafu ghafla mteja wa Mwanza anataka tani 90 za nondo kabla ya Ijumaa. Kampuni kubwa haitakuwekea magari pembeni yakungoje. Na magari mengi yako mikononi mwa watu wenye moja, mawili au matatu, wasio na ofisi wala mtu wa masoko. Huwezi kuwajua wote. Dalali anawajua, na zaidi ya hapo anajua gari gani linarudi tupu. Gari lililoshuka na mazao kutoka Songwe, ambalo mwenyewe anataka lirudi nyumbani, litakubali bei ambayo gari lililolala Dar halitaikubali. Taarifa hiyo ndiyo unayoinunua kwake.

Nitajuaje kama huyu si kishoka?

Vishoka, yaani madalali wa uongo, wamejaa kuanzia Kurasini mpaka kwenye maegesho ya malori, na siku hizi wengi wako WhatsApp. Kwa hiyo anza na karatasi, na uzihakiki mwenyewe badala ya kupokea picha alizokutumia.

Kampuni: jina lake litafute kwenye mfumo wa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), uone imesajiliwa lini na wakurugenzi ni nani. TIN na leseni ya biashara viwe vya jina hilohilo, na akaunti ya benki pia. Jina la akaunti likiwa la mtu binafsi wakati ankara ni ya kampuni, simama hapo hapo mpaka upate maelezo yanayoeleweka. Namba ya simu nayo inasema mengi: ukianza kutuma pesa kwa simu, jina la mwenye laini linatokea kabla hujathibitisha. Akijiita Musa na laini inasema Rehema, muulize Rehema ni nani. Jibu linaweza kuwa la kawaida kabisa, lakini utajifunza kitu kwa jinsi anavyojibu.

Gari: omba picha ya kadi ya gari, ya kichwa na ya tela, kwa sababu ni vyombo viwili vyenye namba mbili tofauti. Omba leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), leseni ya dereva na kitambulisho chake cha NIDA. Bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kwa namba ya gari. Kuna hila ndogo ninayoipenda: ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia faini za barabarani. Gari lenye rundo la faini zisizolipwa linaweza kuzuiwa njiani na mzigo wako juu, na mwenye gari asiyelipa faini zake mara nyingi hata tairi habadilishi.

Halafu yapo mambo ambayo karatasi haziwezi kukwambia. Mwombe namba za wateja watatu aliowasafirishia kwenye njia hiyohiyo miezi ya karibuni, uwapigie. Usiulize kama ni mtu mzuri; kila mtu ni mzuri. Uliza: gari liliwahi kuharibika? Alipokea simu? Nani alilipia gari la kufaulisha mzigo? Mteja atakayecheka kwanza kabla ya kujibu ana mengi ya kukusimulia.

Mwisho, msikilize anavyouliza yeye. Dalali anayeijua kazi atakuuliza mzigo ni nini, umefungwaje, unapakiwa kwa mashine au kwa makuli, uzito halisi ni upi, geti la kiwanda linafungwa saa ngapi, anayepokea ana forklifti au hana. Kishoka anauliza kitu kimoja: "Advansi unatoa ngapi?"

Dalali niliyempata hana ofisi. Nimkimbie?

Si lazima. Wapo waungwana wanaofanya kazi chini ya mwembe kwa miaka mingi na hawajawahi kupoteza mfuko mmoja wa saruji. Lakini huyo umtumie kwa mzigo ambao, ukipotea, utaumia lakini hutafunga biashara. Kontena la shaba au la vifaa vya umeme mpe mtu ambaye mahakama inaweza kumpata.

Kwa nini bei zinatofautiana hivi kwa mzigo uleule?

Sababu ya kwanza ni msimu. Mbolea ikianza kupelekwa Nyanda za Juu Kusini kabla ya mvua, au mazao yakianza kushuka, au korosho zikiwaita magari Lindi na Mtwara, malori yanaadimika na bei inapanda. Njia za milima nazo zina bei yake. Mwenye gari anahesabu mafuta ya kupandia Kitonga hata kama wewe unahesabu kilomita.

Sababu ya pili ndiyo inayonikera: dalali juu ya dalali. Inaanza na ujumbe kama huu kwenye kundi la WhatsApp, saa kumi jioni:

"Mzigo upo. Dar–Tunduma, tani 28, tela la wazi, gari 3. Kupakia kesho Mbagala. Advansi 70, balansi kushusha. Piga."

Dakika chache baadaye ujumbe huohuo uko kwenye makundi mengine, namba ya simu imebadilishwa na bei imekatwa. Tuseme, kwa mfano tu, wewe umekubali kulipa shilingi milioni 4 kwa gari. Dalali wako anatangaza 3,700,000. Aliyeuchukua anatangaza 3,450,000. Mwenye gari anapofikiwa anaambiwa 3,300,000, anakubali kwa sababu gari limekaa wiki nzima. Laki saba zimeishia kwa watu ambao hawajaugusa mzigo. Si dhambi mtu kula kamisheni. Ubaya ni kwamba gari limeondoka na pesa isiyotosha. Dereva akifika Makambako anaongeza mzigo wa pembeni ili ajazie, mzigo wa pembeni unazidisha uzito, gari linakamatwa mizani, na wewe unayesubiri Tunduma unaambiwa "gari lina hitilafu ndogo."

Dawa yake ni kuandika kwenye makubaliano kwamba dalali haruhusiwi kumpa dalali mwingine mzigo wako bila idhini yako, na kuongea na mwenye gari mwenyewe kabla ya kupakia. Muulize ameahidiwa kiasi gani. Madalali hawapendi swali hili. Uliza hata hivyo. Huna haja ya kumpokonya mtu kamisheni yake. Unataka tu kujua kwamba pesa iliyofika kwenye gari inatosha kulifikisha.

Ukiletewa bei ya chini kuliko wengine wote, usishangilie. Piga hesabu ya mafuta ya kwenda, posho ya dereva na utingo, na ushuru wa njiani. Bei ikiwa haifiki hapo, kuna mtu amepanga kupata faida yake kwenye mzigo wako.

Malipo ya awali yawe kiasi gani?

Utaombwa asilimia 60 hadi 80, kwa sababu mafuta yananunuliwa kwa fedha taslimu na mwenye gari mmoja hana mtaji. Ni desturi ya soko, kuipinga ni kujichosha. Unachoweza kupanga ni lini na kwa nani.

Usilipe kabla gari halijapakiwa. Si likiwa njiani kuja, si likiwa kwenye foleni getini: likiwa limepakiwa, limefungwa turubai, na hati ya kusafirishia imesainiwa na dereva mbele ya mtu wako. Kinachobaki kilipwe baada ya hati ya kupokelea kurudi ikiwa na saini na muhuri wa aliyepokea, pamoja na idadi iliyopokelewa. Wengine hulipia mafuta moja kwa moja kituoni badala ya kutoa fedha mkononi. Mpango huo ni mzuri kama una kituo unachokiamini njiani.

Dai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) kwa kiasi kamili ulicholipa. Kama biashara yako imesajiliwa VAT, VAT iliyo kwenye risiti hiyo ni pesa yako kabisa, na hata kama haijasajiliwa, mkaguzi wa TRA hatakubali gharama ya usafiri iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari. Dalali atakayekwambia "bila risiti nakupunguzia" anakuuzia deni la kesho.

Uzito: dalali anasema gari linabeba tani 34, mwingine anasema 28. Nani mkweli?

Inategemea ekseli. Tangu mwaka 2019 Tanzania inatumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, na kiwango cha juu kabisa ni tani 56 kwa gari na mzigo wake, kwa gari la ekseli saba. Semi ya kawaida ina ekseli sita: ya usukani tani 8, mbili za nyuma ya kichwa tani 18, tatu za tela tani 24. Jumla 50. Toa uzito wa gari tupu, ambao kwa kawaida ni tani 18 hadi 20, unabaki na tani 30 hadi 32. Tairi moja pana zikiwekwa badala ya mbilimbili, kiwango cha ekseli kinashuka. Kwa hiyo anayekuahidi tani 34 kwenye ekseli sita aidha hajui kuhesabu, au ana mpango wake na mizani, na mpango huo ukikwama utalipa wewe.

Jumla ikiwa sawa bado hujamaliza. Mizani ya Vigwaza na nyingine za TANROADS (wakala wa barabara) zinapima na kila kundi la ekseli peke yake. Kontena la futi 20 lenye vigae ni fupi na zito. Likikaa nyuma kabisa ya tela la futi 40, ekseli za tela zinazidi wakati jumla haijafika hata 50. Koili za chuma ni balaa hilohilo. Dalali mzoefu atakutumia tela linalofaa na kumwelekeza mtu wa kreni pa kuliweka. Kama kiwanda chako kina mizani, lipime gari kabla halijatoka getini na umpe dereva karatasi ya vipimo. Kama hakina, mizani ya kulipia ni rahisi kuliko faini na siku mbili za kusubiri kupunguza mzigo pembeni ya barabara.

Andikeni mapema nani atalipa faini. Mpango wa haki ni huu: ukidanganya uzito, unalipa wewe, gari likipakia vibaya au likiongeza mzigo wa pembeni, analipa mwenye gari.

Gari lina bima kubwa. Mzigo wangu uko salama, sivyo?

Hapana. Bima ndogo inalipa watu wengine watakaodhurika. Bima kubwa inaongeza gari lenyewe. Zote mbili haziujui mzigo wako. Kadi ya njano ya COMESA, ambayo dereva atakuonyesha kwa fahari akiwa anakwenda Zambia, ni ya kuwalipa watu wa huko atakaowagonga.

Unachohitaji ni bima ya mzigo safarini. Inaweza kukatwa na msafirishaji au na wewe mwenyewe. Mimi ningeikata mwenyewe, kwa sababu ya msafirishaji huwa na kikomo cha fedha kwa kila gari ambacho hakilingani na thamani ya mzigo wako, na ina masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo: gari kulala mahali pasipo na ulinzi, dereva mwenyewe kuhusika na wizi, mzigo kulowa kwa turubai bovu. Soma ukurasa wa mambo yasiyolipwa kabla ya ule wa mambo yanayolipwa. Na usiruhusu mtu akuambie bima "inashughulikiwa". Hakuna stakabadhi, hakuna bima.

Mzigo wangu unakwenda Zambia au Kongo. Kuna tofauti gani?

Kubwa. Mzigo wa transit, yaani unaopita tu kwenda nchi nyingine, haujalipiwa kodi Tanzania, kwa hiyo TRA wanautazama kwa jicho la pekee mpaka uvuke mpaka. Lazima kuwe na dhamana ya forodha, gari liwe na leseni ya TRA ya kubeba mizigo iliyo chini ya forodha, na mzigo ufungwe lakiri ya kielektroniki ya kuufuatilia. Gari lisilo na leseni hiyo halifai hata kama ni jipya. Lakiri ikikatwa njiani, hata kwa bahati mbaya, dereva asisogeze gari, apige simu.

Kipimo changu kwa dalali wa Kongo: ngoja uone kama atakuuliza kuhusu FERI, ile hati ya kielektroniki ya mizigo ambayo serikali ya Kongo inaitaka. Asipoitaja, hajawahi kupeleka mzigo Lubumbashi. Amewahi kuusikia tu. Muulize pia wakala wake Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ni nani, na wa Nakonde, upande wa Zambia ukivuka Tunduma, ni nani. Gari la Kongo linavuka mipaka miwili, na mpaka mmoja bila mtu wa kulipokea unatosha kula faida yote.

Kwa Rwanda na Burundi njia ni ya kati, Rusumo na Kabanga, na madalali wake ni wengine kabisa. Aliyebobea njia ya Tunduma usimlazimishe Rusumo. Atakubali, maana dalali hakatai mzigo, halafu atautoa kwa dalali mwingine na tumerudi kulekule.

Nani anagharimia siku za kusubiri?

Hili ndilo linalovunja urafiki. Foleni ya Tunduma inaweza kula siku kadhaa, na kushusha kwenye ghala lililojaa kunaweza kula nyingine. Mwenye gari anataka kulipwa kwa kila siku gari linaposimama, na ana haki, kwa sababu gari lililosimama halimwingizii kitu huku marejesho ya mkopo yanakwenda.

Kubalianeni mambo matatu kabla ya kupakia: siku ngapi za bure kupakia, mpakani na kushusha, baada ya hapo ni kiasi gani kwa siku, na saa inaanza kuhesabiwa lini. Hilo la mwisho husahaulika. Gari likifika getini saa kumi na moja jioni Jumamosi wakati unafungua Jumatatu, siku zimeanza au hazijaanza? Andikeni. Mali bila daftari, wenyewe walishasema.

Kontena tupu linarudishwa na nani?

Kama unasafirisha na kontena la meli, kontena ni la kampuni ya meli, na kila siku inayozidi muda wa bure unalipa wewe uliyeweka dipoziti, wala si dalali. Kwa hiyo bei ya "Dar mpaka kiwandani Morogoro" haijakamilika mpaka itaje kurudisha. Itaje pia depo, kwa sababu kontena tupu halirudishwi popote utakapo. Kampuni ya meli inataja yadi, na inaweza kuibadilisha. Dereva apewe namba ya mtu wa kumuuliza siku ya kurudi, na alete hati ya kukabidhi kontena, yenye maelezo ya hali yake. Piga picha sakafu na milango lilipotoka bandarini. Ubonyeo uliokuwepo kabla utabandikwa jina lako usipokuwa na picha.

Kwa mzigo wa mbali, wengi wanachagua kufungulia kontena Dar na kupakia mzigo kwenye tela la wazi. Unaokoa siku, unaongeza gharama za makuli na hatari ya upungufu. Kwa mifuko na mabati inalipa. Kwa vioo na vigae, fikiria mara mbili.

Gari limefika getini lakini namba si ile niliyotumiwa. Nipakie?

Usipakie. Hata kama dalali anapiga simu akisema la kwanza limepasua tairi, hata kama dereva ana sura ya unyenyekevu na makuli wameshavua mashati. Wizi wa aina hii unafanyika hivyo hivyo: karatasi safi zinatumwa jana, gari jingine linakuja leo jioni, wakati mlinzi anataka kwenda nyumbani. Kuna na toleo lake la pili, ambapo namba ni ileile lakini imebandikwa kwenye gari jingine.

Mtu wako getini alinganishe namba ya kichwa, namba ya tela, namba ya chesisi iliyo kwenye kadi, na sura ya dereva na kitambulisho. Apige picha dereva akiwa amesimama mbele ya gari. Ampigie mwenye gari kwa namba uliyoipata wewe, siyo aliyoitaja dereva. Gari likibadilika kwa sababu halali, anzeni uhakiki upya. Inachukua saa moja, na dereva wa kweli ataelewa, atakunywa chai.

Reli je? Bado nahitaji dalali?

SGR, reli ya kisasa, ilianza kubeba mizigo kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2025, na bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilizinduliwa Julai mwaka huohuo. TAZARA nayo, reli ya Tanzania na Zambia, inafika Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860. Mzigo mzito usio na haraka unafaa kwa reli. Lakini treni haiingii kiwandani kwako wala dukani kwa mteja wa Kondoa. Kipande cha mwisho ni lori. Muulize dalali wako kama ana magari Dodoma au Kwala. Atakayekujibu "tutaangalia" hana.

Niwe na madalali wangapi?

Wawili kwa kila njia, na kila mmoja ajue kuna mwenzake. Ukiwa na mmoja, msimu wa mbolea utakukuta mateka. Ukiwatumia watano mzigo mmoja kwa wakati mmoja, soko litaona magari kumi na tano yanatafutwa badala ya matatu, na bei itapanda kwa ajili yako mwenyewe.

Mambo yameharibika. Nilalamike wapi?

Mzigo ukipotea, polisi kwanza, siku hiyohiyo, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi. Wakala wa forodha anashitakiwa TRA, ambao ndio waliompa leseni. Kama ni mwanachama wa TAFFA, chama cha mawakala, nacho kinaweza kumbana. Gari na leseni yake ni LATRA. Kampuni ya bima inayozungusha, TIRA. Mwenye gari aliye TATOA (chama cha wenye malori), zungumza na chama chake, maana anajali jina lake huko.

Dalali wa simu asiyesajiliwa popote hana mtu wa kumshitakia isipokuwa mahakama, na mahakama itataka mkataba. Ujumbe wa WhatsApp unasaidia, usiufute. Lakini karatasi moja yenye majina, namba za gari, maelezo ya mzigo, bei, siku na saini ina uzito kuliko makundi yote.

Nina mzigo wa kesho asubuhi na simjui dalali yeyote. Nifanyeje?

Nenda kwenye kiwanda cha jirani na umuulize ofisa usafirishaji wao anamtumia nani. Watu hawa wanasaidiana kuliko unavyodhani. Chukua majina matatu, wapigie wote, uwape maelezo yaleyale neno kwa neno, na uwaambie unataka kadi ya kichwa, kadi ya tela, bima na namba ya mwenye gari kabla ya saa mbili usiku. Utakaowapata kwa wakati, linganisha bei zao. Kama saa mbili imepita na hakuna aliyetuma kadi, mpigie mteja wako umwambie mzigo utatoka keshokutwa.